Nani Amefia Humu?

Baba alikuwa mkata mawe katika timbo moja upande wa Kilifi, na shule zilipofungwa mimi ndiye niliyempelekea chai ya saa nne. Timbo ni shimo jeupe. Ukiteremka ndani, jua linakupiga kutoka juu na kutoka chini, maana sakafu na kuta zote zinang'aa. Siku hizo mashine za msumeno hazijafika kwetu. Baba alichora mstari juu ya mwamba kwa ncha ya shoka, akaufuata kwa kuchimba mfereji mwembamba, kisha akapenyeza mtalimbo na kuling'oa jiwe likiwa na pembe zake nne. Siku njema ilikuwa ile ambayo jiwe lilikubali. Siku mbaya shoka liligonga kitu kigumu likaruka, na baba akasema amekutana na kichwa. Vichwa aliviacha ukutani, akavizunguka, akakata pembeni.

Nilikuwa nikikaa chini ya kichwa kimojawapo nikisubiri birika liwe tupu. Kilikuwa duara, kikubwa kuliko meza yetu ya nyumbani, na uso wake umejaa vishimo vidogo vilivyopangwa kama asali kwenye sega. Nikamwuliza baba ni nini. Akaniambia, "Hili ni tumbawe, mwanangu. Hapa palikuwa bahari." Aliyasema kama mtu anayekwambia kwamba kisima kiko nyuma ya nyumba. Yeye hakuhitaji chuo kujua hilo. Kila mvuvi na kila mkata mawe wa pwani yetu amewahi kupiga mbizi au kutembea kwenye mwamba maji yakitoka, akaviona vichwa vilevile vikiwa hai, vya rangi ya kahawia na kijani. Swali ambalo baba hakuweza kunijibu lilikuwa moja tu: ni lini?

Swali hilo ndilo lililonipeleka chuo kikuu kusomea jiolojia, na ndilo nililolikosea vibaya zaidi nilipofika huko.

Mwaka wa tatu tulipewa kazi ya kuchora ramani ya miamba kuanzia vilima vya Kambe na Chonyi hadi ufukweni Takaungu. Kwa miguu, kwa wiki kadhaa, nyundo mkononi. Kule Kambe tuliwaona kwanza wazee wa kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda. Misitu ya kaya si mahali pa kwenda kugonga mawe, na tulikubaliana nao kwamba nyundo zetu zitabaki kwenye mikato ya barabara, mabonde ya vijito na mashamba ya waliotukaribisha. Mzee mmoja alitembea nasi siku nzima. Alituonyesha magenge ya jiwe la kijivu yaliyosimama katikati ya miti kama kuta za nyumba iliyobomoka, na kwenye nyufa zake ua dogo la zambarau ambalo huota kwenye mawe ya chokaa ya vilima hivyo.

Nilidondosha asidi juu ya jiwe, likatoa povu. Chokaa. Nikatazama kwa kioo cha kukuzia nikaona alama za matumbawe. Nikaandika kwenye daftari: mawe ya chokaa yenye matumbawe. Siku kumi baadaye nilikuwa Vuma, hapo Takaungu, pale magenge yanapoangukia baharini, nikadondosha asidi, likatoa povu, nikaona matumbawe. Nikaandika maneno yaleyale.

Katikati ya Kambe na ufukwe kuna ukanda wa jiwe la tope, la kijivu iliyoiva, lenye kuchambuka kwa vidole kama kurasa za kitabu kilicholowa. Matabaka yote ya upande huo yanainama kidogo kidogo kuelekea baharini. Basi hadithi ikajipanga yenyewe kichwani mwangu: tabaka la chokaa linaanzia Kambe, linazama chini ya tope, na linaibuka tena Takaungu. Tabaka moja, bahari moja, wakati mmoja. Nikalipaka rangi ya buluu toka mwanzo hadi mwisho wa ramani. Nilijivunia sana mstari ule. Niliona nimemjibu baba.

Mwalimu wetu wa nyanjani aliitazama ramani kwa muda mrefu. Hakuniuliza nimeona nini. Aliniuliza, "Nani amefia humu?" Nikajibu matumbawe. Akasema, "Matumbawe ni kama kusema watu. Watu gani? Wa ukoo gani?"

Akanirudisha sehemu zote mbili. Mpaka leo nikifikiria jinsi nilivyopita bila kuona, nasikia joto usoni.

Kwenye genge la Takaungu aliniambia nitafute kiumbe mmoja ambaye sijawahi kumwona baharini. Nilitafuta asubuhi nzima. Niliona *Porites*, lile tumbawe la kichwa cha timboni, lenye vishimo vyake kama sega, tumbawe lenye mikunjo ya ubongo, matumbawe ya matawi yaliyovunjika kama kuni, kombe wakubwa wenye midomo ya mawimbi, konokono, kauri, miiba ya urumba. Wote nawajua. Wote wangali hai mita chache chini ya miguu yangu, upande wa pili wa povu la mawimbi. Sikumpata mgeni hata mmoja.

Kule Kambe kazi ilikuwa kinyume chake. Kwanza, sehemu kubwa ya jiwe haikuwa matumbawe hata kidogo. Ilikuwa punje ndogo za duara, mfano wa mayai ya samaki, ambazo hujiumba pale maji ya bahari yenye joto na kina kifupi yanapoviringisha chembe huku na huku, na chokaa ikijipaka juu yake ganda baada ya ganda. Nilikuwa nimeziona siku ya kwanza nikazichukulia mchanga. Pili, matumbawe yenyewe hayakuwa na vyumba vyao. Umbo la nje lipo, lakini ndani mifupa yote imegeuka kuwa fuwele zinazometa, kama nyumba iliyojazwa saruji mpaka huoni tena ukuta ulikuwa wapi na mlango wapi. Na yale machache ambayo bado yalionyesha mpangilio hayakufanana na lolote nililowahi kulikanyaga mwambani. Huko nilikuwa mgeni mimi.

Chokaa ya Kambe ni ya kipindi kiitwacho Jurasiki ya Kati. Ilitandazwa kati ya miaka milioni 171 na milioni 165 hivi iliyopita, Afrika ilipokuwa inaachana na Madagaska na bahari ikaingia kwenye ufa kutoka kaskazini. Genge la Takaungu, pamoja na timbo la baba na mwamba ambao Fort Jesus imejengwa juu yake Mombasa, lina takriban miaka 125,000. Mimi nilikuwa nimeunganisha kwa rangi moja vitu vilivyoachana kwa zaidi ya miaka milioni 160, kwa sababu vyote vilitoa povu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mtu anahitaji visukuku, mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa mwambani. Jiwe la chokaa ni chokaa tu. Bahari imelitengeneza mara nyingi, mahali pengi, kwa njia zilezile. Mawimbi ya Jurasiki yalisaga ganda kama yanavyosaga leo. Viumbe ndio wasiorudi. Kiumbe akishatoweka katika dunia hii hazaliwi tena, na kwa hiyo tabaka lililomzika lina alama ambayo tabaka la baadaye haliwezi kuipata upya. William Smith aliligundua hili Uingereza miaka ya 1790 akiwa mpima ardhi kwenye mifereji iliyochimbwa kubebea makaa ya mawe: matabaka yaliyofanana kwa sura aliyatenganisha kwa makombe yaliyomo, na mwaka 1815 akachapisha ramani ya jiolojia ya nchi nzima. Nilisoma habari zake kabla ya kwenda nyanjani na nikazijibu vizuri kwenye mtihani. Kuzijua kwa miguu kulinichukua muda zaidi.

Kuna jambo jingine lililonisumbua, na nadhani lingemsumbua yeyote. Nilitarajia matumbawe ndiyo yatakayotupa umri wa mwamba. Mwamba ni wao, basi na waseme. Kumbe matumbawe ni mashahidi wagumu. Yanakaa mahali pamoja, yanataka maji ya uvuguvugu, masafi, yenye mwanga. Yakikosa hayo yanakufa. Ukiona jamii fulani ya tumbawe imetoweka kwenye tabaka, huenda imetoweka duniani, au huenda mto ulimwaga tope mwaka ule tu. Tena jamii nyingi za matumbawe huishi muda mrefu bila kubadilika sana. Shahidi mzuri ni yule anayesafiri mbali, anayeishi kila mahali kwa wakati mmoja, na ambaye ukoo wake haudumu.

Shahidi huyo alikuwa kwenye lile jiwe la tope nililolipita nikiharakisha kwenda kwenye chokaa.

Tulirudi huko tukakaa kijitoni siku mbili, tukichambua kurasa. Siku ya pili, mwenzangu akafunua ukurasa na hapo ndani kukawa na duara lililojiviringisha kama pembe ya kondoo, lenye mbavu ndogo ndogo, upana wa kisahani cha kahawa. Amonaiti. Ndugu wa mbali wa ngisi na pweza, aliyeishi ndani ya ganda na kuogelea bahari za dunia nzima. Sijawahi kushika kitu kwa uangalifu vile. Mwenye shamba alikuja kutazama, akaligeuza, akauliza kama lina thamani. Tukamwambia thamani yake ni kutuambia tarehe. Akacheka, akaketi nasi akaanza kuchambua naye, na kusema kweli macho yake yalikuwa makali kuliko yetu.

Amonaiti walibadilika upesi mno. Ukoo mmoja ulitokea, ukaenea, ukatoweka, ukaja mwingine wenye mbavu za namna nyingine, na Albert Oppel wa Ujerumani katika miaka ya 1850 aliigawa Jurasiki kwa kuwafuata wao, ukanda kwa ukanda. Hata leo mwanzo wa Bajosiani, ngazi mojawapo ya Jurasiki ya Kati, umewekwa kwenye genge la Cabo Mondego, Ureno, pale anapoonekana kwa mara ya kwanza amonaiti aitwaye *Hyperlioceras mundum*. Kwa hiyo jiwe la tope la Kilifi linaweza kuulizwa swali, na jibu likalinganishwa na genge la Ureno. Tope letu liko juu ya chokaa ya Kambe. Likishapata tarehe, chokaa iliyo chini haiwezi kuwa changa kuliko hilo. Mwamba wa matumbawe mara nyingi hupata umri wake kwa jirani.

Ila amonaiti hasemi miaka mingapi. Anasema nani alitangulia na nani alifuata. Idadi ya miaka huja kwa njia nyingine, hasa kutoka kwenye majivu ya volkano yaliyonaswa kati ya matabaka sehemu mbalimbali za dunia, yenye madini ambayo mionzi yake hupimika. Kazi hizi mbili huchanganywa mara nyingi, hata na watu waliosoma.

Na kwa jiwe la baba? Pale visukuku vinatufikisha mlangoni na kusimama. Vikisema wote waliomo wangali hai, maana yake jiwe ni changa kwa hesabu za dunia, lakini kuchagua kati ya miaka 10,000 na 200,000 havina uwezo huo. Bahati nzuri tumbawe linapojenga mfupa wake huchota kidogo urani, elementi yenye mionzi, kutoka kwenye maji ya bahari, na karibu halichoti thori kabisa. Urani huoza polepole na kuzaa thori. Ukipima thori iliyojilimbikiza, umepata muda. Njia hii inafika kama miaka 500,000 nyuma, basi, tena inataka mfupa wa asili usiogeuka fuwele. Ndiyo maana vile vyumba vya Kambe vilivyojazwa havifai kwa kipimo hicho hata mtu akitaka, ilhali vichwa vya timbo la baba, vile vigumu alivyokuwa akivilaani, baadhi yao vinafaa.

Miaka 125,000 iliyopita bahari ilisimama mita 6 hadi 9 juu ya ilipo leo, na matumbawe yakapanda nayo. Baadaye ikashuka, ikafika kama mita 120 chini ya hapa miaka 20,000 iliyopita. Mito ikachimba mabonde yake kwenye mwamba uliokauka, kisha bahari iliporudi ikayajaza. Mkono wa bahari wa Kilifi na wa Mtwapa ni mabonde ya aina hiyo. Nimevuka daraja la Kilifi maisha yangu yote, na siku hizi silivuki bila kuyatazama yale magenge mawili meupe yanayotazamana, niyafikirie yakiwa mwamba mmoja chini ya maji.

Kosa la pili nililifanya nikiwa nimeshahitimu, na nilidhani nimekoma. Kwenye kokoto za bonde moja nyuma ya ufukwe niliokota belemnaiti, kisukuku chenye umbo la ncha ya risasi. Belemnaiti nao ni wa jamaa ya ngisi, na walitoweka miaka milioni 66 hivi iliyopita, pamoja na amonaiti na madinosaria. Nikaandika haraka kwamba kokoto zile ni za zama za Jurasiki. Jioni, nikisafisha nilichookota, nikakuta ndani ya udongo uleule ganda la konokono wa aina anayeishi leo. Nikamwangalia tena belemnaiti wangu. Ncha yake ilikuwa butu. Imeviringishwa, imesuguliwa. Kijito kilimng'oa kwenye jiwe la tope juu huko, kikamteremsha na kumzika mara ya pili. Mtu akizikwa upya makaburi ya leo hawi wa leo, na kaburi nalo halizeeki kwa sababu yake. Tangu hapo natazama kwanza kama kisukuku kina michubuko, na umri wa tabaka nautafuta kwa aliye mchanga kuliko wote humo.

Wenzetu wa Tanzania wana utajiri wa namna yake kwenye jambo hili. Udongo wa mfinyanzi wa pwani ya Kilwa na Lindi umehifadhi foraminifera, viumbe wa chembe moja wenye maganda, wakiwa wazima kama kioo, kwa sababu mfinyanzi ule haukupitisha maji ya kuyaharibu. Wachimbaji wa utafiti walitoboa huko miaka ya 2000, na kwenye mihimili ya udongo waliyoitoa ilionekana wazi mahali *Hantkenina*, foraminifera mwenye miiba, anapokoma. Kukoma kwake ndiko kunakotumika duniani kuweka mpaka wa zama mbili, Eosini na Oligosini, miaka milioni 33.9 iliyopita, dunia ilipopoa na Antaktika ikavaa barafu. Kiumbe usiyemwona bila hadubini, na ndiye mpaka.

Nilipomweleza baba yote haya alikuwa ameshaacha kazi ya timbo, mgongo ulikataa. Nilimletea kipande cha Kambe. Alikipima kwa kiganja kabla ya kukitazama. "Hili zito," alisema. "Hili halikatiki kwa shoka." Kisha akapitisha kidole gumba. "Na halinywi maji." Nilimwangalia. Alikuwa amezitambua kwa sekunde chache tofauti ambazo mimi, na asidi yangu na kioo changu, nilizikosa wiki nzima: jiwe la pwani ni jepesi, lina matundu, linafyonza, la Kambe matundu yake yamezibwa kwa fuwele tangu zamani. Nilipaswa kumwuliza kabla sijachora ramani. Watu wa pwani hii wamekuwa wakiyachambua mawe karne nyingi. Wajenzi wa kale walikata kuta zao kwenye mwamba wa nchi kavu, na kwa nakshi za milango na mihrabu wakachota *Porites* mbichi baharini, kwa kuwa ikitoka majini huwa laini kuchongeka na ikikauka hushika. Huo ni ujuzi wa miamba. Naudhika ninapowasikia wasomi wenzangu wakiongea kana kwamba ulianza na sisi.

Kinachoniumiza zaidi ni kasi. Mashine za msumeno hula ukuta kwa siku moja ambao baba angeula kwa miezi, na hazizunguki vichwa. Siwezi kumwambia mtu asijenge nyumba. Nimewaachia vijana wa matimbo mawili namba yangu na mkebe wa rangi nyekundu: wakiona kitu kizima, wakiwekee alama, wanipigie.

Mwezi wa tatu mwaka huu mmoja alinipigia asubuhi. Nikapanda matatu, nikafika saa tano. Ukutani, mita mbili na nusu hivi kutoka juu, palikuwa na kombe mkubwa, vipande vyake viwili vimefungana, mdomo ukitazama juu, amenasa kati ya matawi ya matumbawe. Hakusukumwa na wimbi. Hakuviringishwa. Alifia palepale alipoishi, na mwamba ukaendelea kukua juu yake. Tulimpima, tukampiga picha pande zote, tukachora matabaka ya juu na ya chini yake, na kijana yule akashika futi bila kuambiwa mara mbili. Akaniuliza huyu ana umri gani. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akamwekea kidole mdomoni, pale kwenye mawimbi, kama anayepima kama bado anauma.

Msimamizi alitupa mpaka saa kumi. Tulitumia dakika zote.